Kabla Zege Halijamwagwa

Mtu avukaye kwa feri kutoka kisiwani kwenda Likoni, au apitaye daraja la Nyali kuelekea Kisauni, au afuataye njia ya Makupa hadi Changamwe, aghalabu hudhani ameiacha tarikhi ya Mombasa nyuma yake, kwa kuwa macho yamezoea kuitafuta katika Ngome ya Yesu waliyoijenga Wareno tangu mwaka 1593 hata 1596, katika milango ya nakshi ya Mji wa Kale, na katika mnara wa Mbaraki. Ilhali huku bara aonayo ni mabati, maduka, mibuyu, misikiti mipya, na shule za serikali zenye viwanja vya mchanga. Dhana hiyo ni ghalati. Ardhi ya bara ina athari za watu zilizotangulia mji wa kisiwani kwa zama nyingi mno. Illa nyingi katika athari hizo hazikujengwa kwa mawe, na kwa hiyo hazikubaki zimesimama zikaonekana na mpita njia. Zimelala chini, pengine kina cha dhiraa moja au mbili tu, na bahati yao ya kuonekana ni siku ile mafundi wanapochimba mfereji wa msingi, kisha zege humwagwa, na habari zao zikaisha.

Kwa sababu hiyo nataka kueleza kazi moja ndogo ambayo watu wengi hawajapata kuisikia, nayo ni ya mtaalamu wa mambo ya kale kusimama kando ya mafundi wanapojenga, hususan katika uwanja wa shule. Mtaalamu huyu hakuja kuchimba. Wachimbao ni vibarua, kwa sururu na majembe yao, kama mkandarasi alivyowaagiza na kama ramani ya jengo inavyotaka; yeye kazi yake ni kuutazama udongo unaofukuliwa, kuwaomba wasimame kidogo pale anapoona dalili, kupima, kuchora, kupiga picha na kuandika, kisha kuwaachia waendelee. Asipoona kitu, jengo halicheleweshwi hata saa moja. Akiona kitu, aghalabu hupewa sehemu fupi ya mfereji kwa muda wa kadiri, na vibarua wakahamia upande wa pili.

Mtu ataniuliza, kwa nini shule? Shule za bara zinakua kila mwaka, kwa kuwa watoto ni wengi na madarasa hayatoshi, na kila darasa jipya, kila choo cha shimo, kila tangi la maji na kila ukuta wa kuzunguka uwanja hutaka udongo ufukuliwe. Lakini iko sababu iliyo kubwa kuliko hiyo. Wazee waliotoa ardhi ili watoto wasome hawakutoa kinamasi. Walitoa mahali palipoinuka kidogo, pasipotuama maji ya masika, karibu na kisima kitamu, karibu na msikiti au kanisa, chini ya mkwaju au mbuyu wenye kivuli. Sifa hizo hizo ndizo walizozitafuta watu wa miaka mia tano au elfu moja iliyopita walipotaka kujenga nyumba zao. Basi si ajabu kwamba mara nyingi, katika pwani yetu yote, uwanja wa shule na mahame ya kale huwa mahali pamoja.

Mfano ulio karibu nasi haukutoka shuleni. Ulitoka katika uwanja wa hospitali, tena upande wa kisiwani, lakini watosha kutufunza. Katika mwaka 1976 Hamo Sassoon, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Ngome ya Yesu, alichimba katika kiwanja cha Hospitali Kuu ya Pwani, kaskazini ya Mji wa Kale, mahali palipokuwa pakitakiwa kwa majengo mapya. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kujua umri wa Mombasa alikuwa na maandishi ya wageni na masimulizi ya wenyeji: al-Idrisi aliutaja mji huu katika kitabu chake cha mwaka 1154, Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja katika mwaka 1331, na wazee wa mji walisimulia habari za malkia Mwana Mkisi na za Shehe Mvita aliyeshika nafasi yake, masimulizi yenye fahari kubwa lakini yasiyo na miaka. Ardhi ya hospitali ikaleta ushahidi wa namna nyingine. Chini ya matabaka ya zama za nyumba za mawe palikuwa na matabaka ya watu waliokaa pale tangu karne ya 11 hivi, na ndani yake vigae vya vyungu walivyofinyanga wenyewe vimechanganyika na vigae vya vyombo vilivyoletwa kwa majahazi. Sassoon aliandika makala mwaka 1978 akiuliza Mombasa ina umri gani, na mwaka 1980 akatoa ripoti kamili katika jarida la Azania. Na tangu hapo kila mwandishi wa tarikhi ya mji huu amekuwa akirejea kwenye ile mifereji ya uwanja wa wagonjwa. Lau majengo yale yangaliinuliwa bila mtu wa kuutazama udongo wake, tungalikuwa na jengo, na swali lingalibaki lilivyokuwa.

Katika habari za Ibn Battuta liko jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote aliyoyasema juu ya Mombasa: kwamba misikiti ya mji ilikuwa ya mbao, nayo imejengwa kwa ustadi. Hebu tuzingatie. Ikiwa katika karne ya 14 mji wenyewe uliomkaribisha msafiri mashuhuri uliswali ndani ya mbao, je, watu wa mashamba na vijiji vya ng'ambo, wavuvi wa Mtongwe na wakulima wa Kisauni, walijenga kwa nini? Walijenga kwa boriti za mikoko, fito, udongo na makuti, kama walivyojenga babu zetu na kama wajengavyo wengi hadi leo, na nyumba ya namna hiyo ikiachwa huanguka, mchwa wakala mbao, mvua ikaurudisha udongo ardhini, na baada ya miaka michache mtu hupanda muhogo juu yake asijue. Ndiyo maana bara inahitaji jicho la mtaalamu kuliko kisiwa. Ukuta wa mawe hujitetea wenyewe, maana hata kibarua asiyejua kitu akiugonga kwa sururu atasimama na kumwita nyapara. Lakini nyumba ya udongo iliyozikwa haina sauti kwa asiyezoea kuisikiliza.

Haimaanishi kwamba haikuacha kitu. Nguzo iliyosimikwa ikaoza huacha shimo lake limejaa udongo wa rangi nyingine, na mfereji ukipita juu yake huonekana duara jeusi katika mchanga mwekundu, kama tone la wino lililoanguka juu ya karatasi. Duara moja si ithibati ya kitu; maduara matano yaliyofuatana kwa mstari, kwa masafa yaliyo sawa, ni ukuta. Kwa maduara ya namna hiyo Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate kwenye miaka ya 1980, aliweza kuonyesha kwamba chini ya msikiti wa mawe wa Ijumaa ilikuwako misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ile ya mwanzo ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Ushahidi wa Uislamu wa kale katika pwani hii ulikuwa ni rangi ya udongo tu. Tingatinga moja lingaliufuta kabla ya adhuhuri, na wala dereva asingalikuwa na kosa.

Kadhalika viko vigae. Kigae kikitoka katika mfereji, kibarua hukitupa pamoja na kifusi kwa kuwa amekwisha kuona maelfu ya vigae maishani mwake, na wala halaumiki. Lakini mtaalamu hukiokota, hukifuta kwa kidole gumba, kisha hutazama mdomo wa chungu kwanza, maana mdomo ndio usemao. Akiona mdomo mnene uliokatwa pembepembe na kuchorwa mifuo, atakumbuka vyungu alivyovichimbua Robert Soper karibu na mji wa Kwale mwaka 1966, vya wakulima wahunzi wa karne za mwanzo baada ya Nabii Isa, ambao mtindo wao wa ufinyanzi umepewa jina la Kwale na kutajwa kwa jina hilo katika vitabu vya dunia nzima. Akiona shingo iliyochanjwa pembetatu, safu baada ya safu, atajua yuko baina ya karne ya 6 na ya 10 hivi, zama ambazo vyungu vya namna hiyo vilipikiwa tangu Lamu hata Msumbiji, kwenye visiwa na bara pia. Nje ya kigae atatafuta masizi, maana chungu cha kupikia hubaki na weusi wa moto, na mtungi wa maji hubaki safi. Pengine pembeni yake patakuwa na kipande cha kaure ya Kichina, cheupe, kisichozidi ukucha wa mtoto, na hapo mfereji wa darasa la Kisauni au la Likoni utakuwa umeunganishwa na bandari za mbali.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni matumaini matupu. Richard Helm, aliyewasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Bristol mwaka 2000, aliitembea nchi ya nyuma ya pwani ya Kenya akaonyesha vijiji vingi vya wahunzi na wakulima vilivyositawi kabla ya miji ya mawe. Na kabla yake Henry Mutoro alikuwa amechimba ndani ya makaya, yaani vijiji vya kale vya Wamijikenda vilivyomo misituni, akakuta humo vyungu vya zama hizo hizo. Wenyeji wa mji nao hawakusahau: miongoni mwa Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa, wamo Wachangamwe, ambao jina lao mpaka leo latukumbusha kwamba sehemu ya watu wa Mombasa ilitoka ng'ambo, na Kongowea, jina la kale la mji, sasa ni jina la mtaa na soko kuu upande wa bara.

Ama Likoni ina jambo la zamani kupita hayo yote. Kule Mtongwe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Kijapani walioongozwa na mtaalamu mwenzao Omi walichimba na kuokota zana za mawe za watu walioishi kabla ya chuma, kabla ya ufinyanzi, kabla ya jembe. Zana za namna hiyo ndizo zilizo taabu kuliko zote kutambuliwa katika kifusi, kwa maana hufanana na kokoto. Lakini jiwe lililopasuliwa na mkono wa mtu lina alama zake: upande mmoja pana mahali bapa palipopigwa, na chini yake jiwe limevimba kidogo, kisha mawimbi membamba huenea kutoka kwenye uvimbe ule hadi kwenye ukingo mkali. Jua likilipiga ubavuni, mawimbi yale huonekana wazi, na aliyeonyeshwa mara moja hayasahau. Fauka ya hayo, katika kaunti jirani ya Kilifi, kwenye pango la Panga ya Saidi, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao walitangaza mwaka 2021 kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, mwili umekunjwa na kichwa kimeegemezwa. Ni mazishi ya kale kuliko yote yajulikanayo katika bara la Afrika. Mkoa wenye habari za namna hiyo haustahili kuchimbiwa misingi kwa macho yaliyofumbwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kazi njema huanza kabla ya jembe la kwanza. Mtaalamu huenda shuleni akaonana na mwalimu mkuu na bodi ya shule, akatazama ramani za zamani na picha zilizopigwa na ndege, kisha akaketi na wazee wa mtaa na kuwauliza, kwa adabu na bila haraka, kisima cha kwanza kilikuwa wapi, msikiti wa makuti ulisimama wapi kabla ya huu wa matofali, nani alizikwa wapi, na jina la mahali lilikuwa nani kabla ya shule kulipa jina jipya. Kisha huuzunguka uwanja kwa miguu, na wakati ulio bora ni baada ya mvua kubwa, kwani maji huosha mchanga na kuacha juu vigae na shanga. Hutazama udongo uliotolewa na panya na mchwa, na hutazama mibuyu imesimama wapi, maana mibuyu mingi mahali pamoja aghalabu hutangaza mahame.

Halafu hukubaliana na mkandarasi na nyapara wake. Hili ndilo jambo ambalo likikosekana kazi nzima huharibika, kwani fundi aliyelipwa kwa kazi iliyokwisha, si kwa siku, humwona mtaalamu kuwa ni mtu aliyekuja kumlia riziki yake. Inampasa mtaalamu awahi asubuhi pamoja na vibarua, awaeleze anatafuta nini, awaonyeshe kigae na jiwe, na awaambie wazi kwamba mtu akiona kitu hatapoteza ujira. Nimeona kwamba vibarua wakishaelewa huwa na macho makali kuliko msomi, kwa kuwa mikono yao huhisi udongo unapobadilika kabla jicho halijaona. Ikiwa ni mashine itakayochimba, sharti ndoo yake iwe ya ukingo laini, isiyo na meno, na ichote tabaka nyembamba nyembamba, maana meno huvuruga udongo na kuzika rangi zake.

Mfereji ukisha kufika kina chake, mtaalamu hushuka ndani na kuukwangua ubavu wake kwa mwiko, mwiko ule ule wa fundi wa kupakia chokaa, mpaka rangi zidhihiri. Juu kabisa hukuta mambo ya shule yenyewe: vipande vya chaki, vifuniko vya kalamu, visoda, karatasi za peremende. Chini ya hapo huwa pana kifusi cha darasa la zamani, pengine udongo wa kukandika na misumari yenye kutu. Kisha, ikiwa bahati ipo, huja udongo wa kahawia wenye makaa, makome ya chaza, miiba ya samaki, labda na mavi ya chuma mazito yenye mapovu, yaliyomwagika kutoka tanuri la mhunzi. Na chini ya yote mchanga mwekundu usiopata kuguswa. Kila tabaka hupimwa kina chake, huchorwa kwa vipimo, na hupigwa picha pamoja na rula na mshale wa kaskazini. Udongo wa tabaka lenye dalili hupitishwa katika chekeche, na kila kilichobaki hutiwa katika mfuko ulioandikwa namba ya mfereji, kina na tarehe, kwa kuwa kigae kisichojulikana kilitoka tabaka gani kimepoteza nusu ya ushahidi wake.

Likitokea kaburi, hadhari huzidi. Hapo kazi husimama palepale, polisi hujulishwa kwa kuwa mfupa wa binadamu yafaa kwanza ijulikane si wa jinai ya karibuni, na wazee na imamu au kasisi huitwa kabla mtu hajagusa kitu. Kibla cha Mombasa kiko kaskazini hasa, na kwa hiyo maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini. Mtaalamu ajuaye hili huweza kutambua kwa mfupa wa kwanza au wa pili kwamba yuko makaburini. Katika hali hiyo naona uamuzi ulio bora ni kuusogeza msingi. Darasa laweza kuhamishwa hatua kumi kwenye karatasi ya mchoraji; maiti ana haki yake pale alipolazwa.

Tusisahau pia yaliyo karibu. Upande wa Kisauni liko eneo la Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kengele yake ndiyo iliyokipa kituo cha Kengeleni jina lake. Walioishi pale walisoma, walisali, walilima na walizaa, lakini maandishi tuliyo nayo juu yao yaliandikwa zaidi na wamisionari. Kifungo cha nguo, shanga, kiko cha kuvutia tumbaku, kibao cha kuandikia cha mwanafunzi wa wakati huo, vikitoka katika mfereji vimepangwa kwa tabaka, vyaweza kusema jambo ambalo barua za wakubwa hazikulisema. Nami naliona hili kuwa ni deni letu kwa watu wale.

Sheria ya nchi haikulinyamazia jambo hili. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yamtaka kila agunduaye kitu cha kale atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7, akieleza mahali na namna alivyokipata. Na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 imeweka tathmini ya athari kwa miradi, ambamo mambo ya kale yaweza kuingizwa. Upungufu uliopo si wa maneno ya sheria. Mradi mkubwa wa barabara au wa bandari huja na wataalamu wake na mafungu yake ya fedha, lakini madarasa mawili ya shule ya mtaa hujengwa kwa bajeti iliyobanwa, na hakuna aliyeandika humo hata siku tatu za mtaalamu. Kule Japani, walikotoka wale watafiti wa Mtongwe, sheria ya mali za utamaduni ilitungwa mwaka 1950, na uchunguzi wa ardhi kabla ya ujenzi umekuwa ni desturi ambayo mjenzi huihesabu pamoja na saruji na nondo; Uingereza nayo iliweka mwongozo kama huo mwaka 1990. Hapa kwetu yatosha kwa mwanzo fungu dogo ndani ya gharama za ujenzi wa shule, na barua ya mwalimu mkuu kwa watu wa makumbusho pale Ngomeni ipelekwe mara mchoro unapokubaliwa, isingojee siku ya kuchimba.

Vitu vilivyopatikana huoshwa kwa maji, hukaushwa kivulini, huandikwa namba kwa wino, na huhifadhiwa na makumbusho kwa kuwa ni mali ya umma. Ripoti huandikwa, na nakala yake yapasa kuwekwa shuleni, mahali ambapo mwalimu wa somo la jamii atawafundisha wanafunzi habari za ardhi waliyoikalia. Na mfereji ukitoka mtupu, pasionekane kigae wala kaa, ripoti huandikwa vilevile, kwa uangalifu ule ule, kwa kuwa atakayekuja kuchora ramani ya makazi ya kale ya Likoni, Kisauni na Changamwe anahitaji kujua mahali ambapo watu hawakukaa sawasawa na anavyohitaji kujua walipokaa.